Karatasi ya Mia Moja Arobaini na Moja

Nikipewa kitu nakihesabu, halafu nakihesabu tena. Boliti, chenji, watoto wangu tukishuka kwenye gari. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Mimi nauza spea za magari mazee hapa Nakuru, na katika kazi hii boksi lililoandikwa kumi huwa na nane, kwa hivyo naona mgonjwa ni yule anayehesabu mara moja.

Ndiyo maana siku ya kwanza nilipowekewa lile faili mezani kule Nairobi, kabla hata ya kusoma kichwa chake, nililihesabu. Karatasi mia moja na arobaini. Nikahesabu kutoka nyuma: mia moja na arobaini. Nikaandika kwenye daftari langu, tarehe na saa, ili jioni nikilirudisha asije mtu akaniambia nimetoka na moja kwenye soksi. Wakati huo sikujua kwamba mtu anaweza kuibiwa kwa kuongezewa.

Lakini mambo yalianzia Salgaa. Tulikuwa tunatoka mazishini upande wa Molo, mimi na baba, tukasimama kula. Nyuma ya hoteli kulikuwa na lori la jeshi la Mwingereza, la tani tatu, limegeuzwa banda la kuku. Mimi nililiona kama mtu wa spea anavyoona: ekseli nzima, rimu nne, kebini imeoza kona moja. Baba aliacha sahani yake akaenda. Alikuwa ameshapita miaka themanini, lakini aliinama, akaingiza vidole chini ya madigadi, pale matope yanapojificha, akakwangua kama anayetafuta kitu alichokiacha. Halafu akasimama akijifuta mkono kwenye suruali ya mazishi.

"Hili nalijua," akasema. "Hili lilikuwa langu."

Lazima nieleze neno hilo lilibeba nini. Kule Kabazi nilikolelewa, baba aliitwa Dereva. Hakuwahi kuwa na gari, na hatukuona ajabu, maana nani alikuwa na gari? Tulijua kwamba miaka ya mwisho ya mkoloni, akiwa kijana, aliendesha lori la tani tatu katika dipo la magari ya jeshi upande wa Gilgil. Hiyo ndiyo iliyokuwa fimbo yake. Nikileta alama mbaya shuleni, aliniambia yeye alishuka ukingo wa Bonde la Ufa bila breki, na mimi nashindwa na hesabu za kugawanya? Mimi nilichagua biashara ya magari kwa sababu ya hadithi hiyo. Nilitaka kuwa karibu na kitu alichokijua.

Kwa hivyo nikamwita mwenye hoteli.

"Boss, hiyo ni chuma ya Mwingereza," akaanza. "Sio hizi mabati zenu za siku hizi."

"Chuma ya Mwingereza na mavi ya kuku wa Kenya," nikamwambia. "Injini iko?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko, lakini haiko ndani."

Ilikuwa uani, imebeba tangi la maji. Niliondoka mara mbili, akaniita mara mbili, na mara ya pili bei ikawa bei ya mtu mzima. Kuku alibaki nao. Nilihesabu: thelathini na mmoja. Yeye aliniambia ni thelathini.

Baba hakuniomba mengi maishani, lakini njiani kurudi aliniomba jambo. "Wewe unajua watu wa magari. Nitafutie kama ni lenyewe. Nataka nijue kabla sijaenda."

Nikamwahidi zaidi ya alichoomba, ndiyo kawaida ya mtu aliyetoka kushinda bei. Nikasema nitamletea karatasi ya Mwingereza mwenyewe yenye namba ya lori na jina lake pembeni, aishike akiwa hai. Baba aliangalia nje ya dirisha, akasema, "Jina si lazima." Nikadhani ni unyenyekevu.

Kazi ya kutafuta asili ya gari la jeshi huanza na msasa. Nililipeleka lori kwenye uwanja wangu, nikakaa na msasa wa maji na ndoo, nikikwangua mlango na bampa polepole. Kwanza buluu, ya mwenye hoteli. Chini yake nyekundu, na maneno MUNGU MBELE. Chini yake rangi ya maziwa ya mtu aliyekuwa akibeba viazi kutoka Dundori, maana aliandika hivyo ubavuni. Halafu kijivu. Halafu kijani cha jeshi, kizito, kilichokuwa kimekaa pale muda wote kimya. Na juu ya hicho kijani, kwa rangi nyeupe iliyobaki kama kivuli: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Nilimwandikia barua pepe mzee mmoja wa Uingereza ambaye amestaafu na hana kazi nyingine ila magari haya. Akajibu siku hiyohiyo kwamba hiyo ndiyo namba ya jeshi, niilinde kama jicho, na nisiamini kibati cha chasisi peke yake, kwani vibati huhama. Nitafute karatasi.

Karatasi sikuzijua. Lakini mbele ya duka langu, chini ya mwavuli, alikaa mwalimu mstaafu wa historia na taipureta yake, akiwachapia watu mikataba ya mashamba na barua za kwenda kwa chifu. Tulikuwa majirani wa miaka kumi na moja. Yeye alisoma mwandiko wa makarani wa kikoloni kama mimi ninavyosoma gasketi. Nilipomwonyesha namba ile alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee wa spea," akasema, "sasa umekuja darasani kwangu."

Mara moja kwa mwezi tulienda Nairobi pamoja. Sitataja ni jumba gani la nyaraka, kwa sababu watu wa pale hawakunikosea. Unajaza fomu, unangoja, unaletewa faili la mambo ya ng'ombe. Unajaza nyingine. Miaka mitatu ilipita hivyo. Tulikuwa na utaratibu wetu: yeye anasoma kwa sauti ya chini, mimi naandika, halafu tunabadilishana, mimi nasoma nilichoandika naye anafuatisha kwa kidole. Kosa haliwezi kupita hapo. Mimi ndiye niliyemfundisha utaratibu huo, naukumbuka vizuri kwa sababu unaniuma.

Siku tuliyopata faili la dipo, lile la karatasi mia moja na arobaini, karatasi ya arobaini ilikuwa na orodha ya magari, na lori langu lilikuwemo. Tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Machozi yalinitoka. Nikamwambia Mwalimu ni vumbi la faili.

"Ndiyo," akasema, "vumbi la mkoloni ni kali."

Basi lori lilikuwa la dipo lile. Lilibaki jina la baba. Faili lilifungwa kwa uzi uliopita kwenye tundu moja la kona, karatasi zimekauka, nyingine zimeshikana, na tulikuwa hatujafika hata nusu. Mwezi uliofuata nilibanwa na mzigo wa spea uliokuja siku moja na mwingine. Mwalimu akaenda peke yake. Jioni alirudi. Akasema faili lilikuwa kwa msomaji mwingine. Mwezi mmoja baadaye akaenda tena peke yake, na saa sita mchana akanipigia simu.

"Kuja. Nimempata mzee wako."

Kesho yake tulienda wote. Akanifungulia faili mahali penyewe. Karatasi ya kahawia, imechapwa kwa taipu: namba ya lori, jina la baba, namba ya kisahani chake cha kazini, kile cha bati walichovaa wafanyakazi, na mbele yake kazi yake, dereva. Vyote mstari mmoja. Nilisimama, nikashika bega la Mwalimu. Siku hiyo, peke yake katika miaka hiyo yote, sikuhesabu.

Nakala tuliitia fremu. Kabazi walifanya ibada ya shukrani, mbuzi wawili, na mchungaji aliisoma karatasi ile mbele ya kanisa kama somo la pili. Lori nilikuwa nimeshalirudishia injini na kulipaka kijani chake, nikalipeleka hadi uwanja wa kanisa. Watu wakapiga makofi, "Dereva! Dereva! Washa!" Baba akapanda kwa kusaidiwa, akiwa na suti, akaketi kiti cha kushoto.

"Upande ule, mzee!" mtu akamwita. "Ama umesahau usukani?"

"Umri," baba akajibu, watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nina picha yake hapo, mkono umetoka dirishani, unapapasa mlango kwa nje. Mwalimu yuko pembeni ya picha na sahani ya nyama. Anaangalia chini.

Nilimtumia yule mzee wa Uingereza picha. Alifurahi mno, akauliza swali moja: karatasi ile ni ya ngapi kwenye faili, ili wenzake wakitaka kuitaja waitaje sawasawa? Wale watu nao wanahesabu, nilimpenda kwa hilo. Nikaenda Nairobi peke yangu, siku ya Jumanne, kumjibu.

Nilihesabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mia moja arobaini na moja.

Nikahesabu kutoka nyuma. Mia moja arobaini na moja. Nikatoa daftari la zamani. Mia moja na arobaini, na tarehe, na saa, kwa mkono wangu.

Mtu mwingine angesema nilikosea mwanzoni. Mimi najijua. Nikaanza kuzipapasa karatasi moja moja pale kwenye kona, penye tundu la uzi. Zote tundu limechakaa, limezungukwa na kutu ya pini za zamani. Moja tu ilikuwa na tundu safi, duara kamili, kama tundu la tiketi. Unajua ni ipi.

Nimeshika spea feki maisha yangu yote. Spea feki inajulikana kwa jinsi inavyoingia haraka. Ile ya kweli inakusumbua kidogo, inataka kupigwapigwa, kwa sababu gari limezeeka nayo haijazeeka. Na hapa karatasi moja ilikuwa imejibu maswali yangu yote kwa mstari mmoja, bila kusumbua. Ingekuwa boksi dukani kwangu ningeligeuza mara mbili kabla ya kulipokea. Mlangoni pale askari hupekua kila anayetoka, mifuko na hata kofia. Anayeingia na karatasi ndani ya gazeti anaambiwa karibu.

Niliendelea kusoma, sasa peke yangu, herufi kwa herufi, kidole changu kikifanya kazi ya kidole cha Mwalimu. Nilitafuta ile namba ya kisahani. Karatasi ya tisini na saba nikaipata. Orodha ya vibarua wa dipo, na jina la baba limeandikwa vibaya jinsi Waingereza walivyoandika majina yetu yote, na namba ni ileile. Sehemu: kuosha magari.

Nikarudisha faili. Askari akanipekua. "Hakuna kitu, mzee," akasema. Nikamwambia ndiyo, hakuna.

Mwalimu alikuwa anamchapia mama mmoja mkataba wa shamba. Nikangoja amalize, amsomee, mama aweke kidole. Halafu nikaweka daftari langu juu ya taipureta, kurasa mbili wazi.

Aliangalia namba zile mbili kwa muda. Hakujifanya haelewi, hilo nampa.

"Nilijua utahesabu," akasema. "Nilishangaa tu umechukua muda."

"Karatasi uliitoa wapi?"

"Rejista ya shule. Nyuma kulikuwa na kurasa tupu."

"Mwalimu. Miaka mitatu tumesomeana kwa sauti."

"Sikuweza kuisoma ile ya tisini na saba kwa sauti mbele yako. Nilijaribu kichwani ndani ya shuttle ya kurudi Nakuru, nikashindwa."

"Kwa hivyo ukaamua wewe."

"Sikuamua mimi." Akafunika taipureta. "Nilienda Kabazi kwanza. Nikamsomea yeye. Lori ni lako, boss, lakini maisha ni yake, nikaona ana haki ya kusikia kabla yako. Akaniuliza kama kuna njia ya kukuficha. Nikamwambia hakuna. Akasema, ukimpelekea hiyo, atanihesabu upya."

Nilikuwa nimekuja nikiwa nimeibiwa na mtu mmoja. Niliondoka wakiwa wawili.

Kabazi, baba alikuwa ameketi nje kwenye kiti chake, lori mbele yake chini ya mabati niliyolijengea, fremu ikionekana ukutani kupitia mlango wazi. Alikuwa na kitambaa kibichi mkononi. Hakuna siku nilifika asiwe na kitambaa kibichi, na sikuwahi kukisoma kitambaa hicho.

"Umepigiwa simu na Mwalimu," nikamwambia.

"Amenipigia."

"Basi niambie wewe."

"Nikuambie nini? Umesoma."

"Nimeuliza miaka yangu yote, baba."

"Umeuliza lori," akasema. "Breki, gia, barabara ya kwenda Isiolo. Hukuniuliza mimi."

"Nilikuwa mtoto! Ningekuuliza, samahani mzee, wewe ni dereva kweli?"

Akacheka kidogo, nikakasirika zaidi. Akasema alipoenda kwa baba mkwe kupeleka posa, wazee walitaka kujua kijana anafanya nini Gilgil, na neno likamtoka. Lilipotoka halikurudi. Watu walipenda kuliita.

"Kwa hivyo mama aliolewa na dereva."

"Mama yako alijua mwezi wa kwanza. Aliniuliza, dereva gani huyu ananyauka vidole kama mtu wa kufua nguo?"

Nilikaa kwenye ngazi ya lori. Mama, ambaye aliniambia mara ngapi, soma, usimwaibishe Dereva. Walikuwa watatu basi. Nilihesabu tena, pengine nimekosea. Watatu.

"Mwanangu," baba akasema, "madereva walibadilishwa kila wiki. Hawakuyajua yale magari. Mimi nililala chini ya magari na mpira wa maji. Pale Salgaa sikukudanganya. Chini ya madigadi kuna mahali chuma kimejikunja, nilijikata hapo."

Akanyoosha mkono. Kovu niliwahi kuliona. Aliwahi kuniambia ni la kwenye feni ya injini, barabarani, kwenye mvua, akiwa na askari kumi nyuma.

"Acha hiyo karatasi ilivyo," akasema. "Inamwumiza nani?"

Nikafikiria yule mzee wa Uingereza akiinakili kwa uaminifu, na wengine baada yake. Nikafikiria wateja wangu, na boksi lililoandikwa kumi.

Nilirudi Nairobi wiki iliyofuata. Kwenye dawati kulikuwa na mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Nikamweleza kwamba kuna karatasi katika faili ambayo si ya faili.

"Unataka nikutolee?" akauliza.

"Ndiyo."

"Hiyo haiwezekani. Ikishaingia kwenye faili ni mali ya faili. Ukiitoa ni wizi."

"Na aliyeiweka?"

Akafikiri. "Huyo hatuna fomu yake." Halafu akasema naweza kuandika maelezo, nitie sahihi, ayafunge nyuma yake. "Boss, watu huja hapa kulalamika kitu kimepotea. Wewe ndio wa kwanza kulalamika kitu kimezidi."

Nikaandika. Kwamba karatasi hii iliwekwa siku za karibuni. Kwamba lori lilikuwa kweli la dipo hilo, tazama karatasi ya arobaini. Kwamba aliyetajwa hapa hakuwa dereva. Alikuwa mwosha magari, tazama ya tisini na saba, na namba ya kisahani chake nikaiandika. Jina langu, na kwamba ni mwanawe. Jina la Mwalimu sikuliweka. Kalamu ilifika hapo ikakataa, na bado sijui kama ni huruma ama ni haya ya kwangu. Yule mama akatoboa kona, akapitisha uzi. Nikahesabu kabla ya kurudisha. Mia moja arobaini na mbili. Sasa na mimi nimeongeza yangu.

Mzee wa Uingereza nilimwandikia ukweli. Alijibu kwa mistari miwili ya adabu na hajaandika tena. Mwalimu bado yuko chini ya mwavuli. Tunasalimiana, "sasa," "poa," lakini mikataba yangu naenda kuchapiwa mtaa wa pili, na yule wa huko ana makosa mengi, namrudisha kila ukurasa.

Jumapili nilienda Kabazi. Fremu bado iko ukutani. Sikuigusa, na yeye hakuitaja. Nikamwambia nimeandika. Kitambaa mkononi mwake kilikuwa kikidondosha maji kwenye kiatu.

"Namba yangu uliandika sawa?"

Nikafungua daftari, nikamsomea namba ya kisahani.

"Tena," akasema. "Kule tulikuwa tunaitwa kwa namba mara mbili kila asubuhi. Usipoitika ya pili, siku hiyo hukufanya kazi."

Nilikaa na neno hilo. Ugonjwa wangu, kumbe, nao nimeupata kwake, kutoka kwenye foleni ya waosha magari, na hata huo hakuwahi kuniambia ulitoka wapi. Nikasoma namba mara ya pili.

"Niko," akasema.

Nikafunga daftari, nikaondoka kabla hajaniomba nisome ya tatu.